Nyumba ya Wasafiri, Nyumba ya Mvinyo, Kilabu cha Bia: Kuzisoma Upya Picha za Uingereza ya Karne ya 18

Katika mchoro aliouchapisha mwaka 1747, William Hogarth wa London anatuingiza katika ua uliozungukwa na roshani za mbao, wakati gari la abiria la kukokotwa na farasi linakaribia kuondoka. Mama mmoja mnene anasukumwa kwa nyuma ili apenye kwenye mlango mwembamba wa gari. Pembeni, mwenye nyumba anamkabidhi mteja bili yake. Bibi kizee amejikunyata ndani ya kapu kubwa lililofungwa nyuma ya gari, anavuta kiko chake kimyakimya, na juu ya paa ameketi baharia na furushi lake. Ndani ya kijichumba kando ya ua, mwanamke mwenye nyumba anapiga kengele huku akipaza sauti kuwaita watumishi wake. Nyuma kabisa kundi la watu linapita likipiga kelele na kubeba sanamu ya kumdhihaki mgombea, kwa kuwa ni majira ya uchaguzi.

Anayeutazama mchoro huu leo ana haki ya kujiuliza hapa ni wapi hasa. Magari na mizigo vinasema ni stendi, kengele na watumishi vinasema ni nyumba ya wageni, vinywaji vinasema ni baa, na ile sanamu inasema ni uwanja wa kampeni. Jibu ni kwamba ni vyote kwa pamoja, na hapo ndipo ugumu wa mada hii unapoanzia. Kamusi zetu zinapokutana na majina mbalimbali ya nyumba hizi za Kiingereza huwa na tabia ya kuyatupa yote katika kapu moja la “baa” au “nyumba ya pombe”, na wachoraji wa enzi ile, ambao walipenda sana kuonyesha watu waliolewa, wamelifunika kapu hilo kwa kifuniko kizito. Matokeo yake, tumezoea kuamini kwamba Waingereza wa karne ya 18 waliingia katika nyumba hizi ili kulewa tu. Walilewa, hilo halina ubishi. Lakini mtu anayetaka kuzielewa picha hizo hana budi kwanza ajue ni nyumba ya aina gani inayoonyeshwa, nani aliyekuwa na ruhusa ya kuingia humo, na kazi gani nyingine iliyokuwa ikifanyika mezani wakati bilauri zinajazwa.

Tuanze na aina zenyewe, maana sheria na desturi za Uingereza zilizitenganisha kwa makini. Nyumba iliyoitwa inn ilikuwa nyumba ya wasafiri, yenye vitanda, jiko, zizi la farasi na ua wa kugeuzia magari. Mwenye nyumba hiyo hakuwa huru kuchagua wageni kama apendavyo: msafiri aliyefika akiwa na uwezo wa kulipa, na nafasi ikiwapo, hakupaswa kugeuzwa mlangoni. Tena, tangu hukumu moja mashuhuri ya mwaka 1584, ilikwisha kukubalika mahakamani kwamba mizigo ya mgeni aliyelala humo ilikuwa dhamana ya mwenye nyumba, na ikiibwa, mlipaji ni yeye. Sheria hiyo ilikuwa na sababu yake. Msafiri aliyekutwa na usiku njiani katika nchi ya wanyang’anyi hakuwa na nafasi ya kuchunguza tabia za mtu anayemlaza. Kwa hiyo sheria ilimbebesha mzigo huo yule aliyekuwa na funguo.

Tavern ilikuwa kitu kingine. Hii ilikuwa nyumba ya mvinyo, na mvinyo wa Ureno, Hispania au Ufaransa haukuwa kinywaji cha kila mtu, kwa sababu ushuru wa forodha uliupandisha bei. Wateja wake walikuwa wafanyabiashara, mawakili, waandishi na mabwana wenye mashamba, nao walikodi vyumba vya faragha ghorofani, wakaagiza chakula, wakaandikiwa bili. Mwenye nyumba ya mvinyo hakuwa na wajibu wa kumlaza mtu. Chini yake kulikuwa na kilabu cha bia, mara nyingi jiko au chumba cha mbele cha nyumba ya kawaida, ambacho tangu sheria ya mwaka 1552 kilihitaji leseni kutoka kwa mahakimu wa eneo. Wajane wengi waliishi kwa leseni hizo. Chini kabisa kulikuwa na vijiduka na vichochoro vilivyouza jini, pombe kali iliyokenekwa kwa nafaka, ambavyo kwa miaka mingi havikuhitaji hata kiti cha mteja kukalia, huko tutafika.

Mipaka hiyo ilivuja, bila shaka. Nyumba kubwa ya wasafiri ilikuwa na chumba cha mvinyo, na kilabu cha kijijini kiliweza kuwa na kitanda kimoja cha dharura kwa mchuuzi aliyechelewa. Hata neno “baa” tunalolitumia sisi lina historia ya kuvutia hapa. Kwa asili lilimaanisha kizuizi, yaani kile kijichumba kilichozungushiwa ubao ambamo mwenye nyumba aliweka vinywaji, funguo, vyombo vya fedha na daftari la madeni. Mteja hakusimama hapo kunywa. Aliletewa kinywaji alipoketi. Yule mama mwenye kengele katika mchoro wa Hogarth yumo ndani ya baa kwa maana hiyo ya awali, na ukimtazama vizuri utaona kwamba anafanya kazi ya meneja wa stendi kuliko ya muuzaji wa pombe. Neno “kilabu” nalo limesafiri safari ndefu zaidi: London ya karne ya 18 lilikuwa jina la kundi la watu waliokutana kwa zamu maalumu katika chumba cha nyumba ya mvinyo na kuchangia bili, na lilipofika kwetu likaacha watu na kushika mahali.

Kazi ya nyumba ya wasafiri haieleweki bila kueleza habari za farasi. Farasi anayekokota gari lenye abiria na mizigo kwa mwendo wa kasi huchoka baada ya maili kumi au zaidi kidogo, na hapo lazima afunguliwe na mwingine afungwe mahali pake. Kwa hiyo safari ya maili mia moja ilihitaji mlolongo wa nyumba zenye mazizi, majani makavu, shayiri, maji, na masaisi walio macho usiku na mchana. Bunge lilipoanza kuruhusu vikundi vya watu kuweka malango barabarani na kutoza wapitaji, lango la kwanza likiwa la mwaka 1663, na hasa pale vikundi hivyo vilipoongezeka kwa kasi kati ya mwaka 1750 na 1770 na kitu, barabara zilipata fedha za kokoto na mifereji. Magari yakaongeza mwendo, na nyumba zilizokuwa kwenye njia kuu zikatajirika huku zile zilizokuwa pembeni zikidorora.

Kilele cha utaratibu huo kilifika tarehe 2 Agosti 1784. John Palmer, mtu wa mji wa Bath aliyekuwa akiendesha majumba ya michezo ya kuigiza, alikuwa amechoshwa na barua kubebwa na vijana wapanda farasi waliokawia na kuibiwa njiani, akaishawishi serikali ijaribu kuzisafirisha kwa gari la kasi lenye mlinzi mwenye silaha. Gari la majaribio liliondoka Bristol saa kumi jioni, likafika London kabla ya saa mbili asubuhi ya siku iliyofuata, yaani chini ya saa 16 njiani. Tunaposifu kasi hiyo tusiwasahau masaisi waliokuwa wakisubiri gizani na farasi waliokwisha kufungwa hatamu, kwa kuwa wao ndio waliofupisha safari kuliko barabara yenyewe. Posta ya Uingereza, kwa maneno mengine, ilipita katika ua wa nyumba za pombe.

Humo humo zilipita shughuli nyingine za umma ambazo leo zina majengo yake. Mtu akifa kifo cha shaka, mchunguzi wa vifo aliwakusanya wazee wa baraza katika chumba kikubwa cha nyumba iliyokuwa karibu, na mara nyingine maiti ililazwa chumba cha pili au bandani. Mnada wa shamba ulifanyika humo, ofisa wa ushuru alifungua daftari lake humo, na mahakimu wa mashambani waliketi humo kusikiliza kesi ndogondogo. Jeshi nalo lilizitegemea nyumba hizo, kwa sababu sheria ilikataza askari kulazwa katika nyumba za watu binafsi bila ridhaa yao, lakini iliruhusu walazwe katika nyumba za wasafiri na vilabu vya bia kwa malipo yaliyopangwa. Ndiyo sababu mwaka 1686 serikali iliwahi kuorodhesha, mji kwa mji, idadi ya vitanda na nafasi za farasi zilizokuwamo katika nyumba hizo. Kwa mwenye nyumba, kikosi kilichoingia mjini hakikuwa neema. Kililala, kikala, na malipo yake hayakutosha kufidia wateja waliokimbia.

Mjini London, nyumba za mvinyo zilikuwa kumbi za mikutano za mji usiokuwa na kumbi za mikutano. Wamasoni (Freemasons) huhesabu mwanzo wa baraza lao kuu kuwa mkutano wa vikundi vinne mwaka 1717 katika kilabu cha bia karibu na kanisa la Mtakatifu Paulo. Mwaka 1764 mchoraji Joshua Reynolds na mwanakamusi Samuel Johnson walianzisha kikundi cha mazungumzo kilichokutana kila wiki katika nyumba ya Turk’s Head, mtaa wa Gerrard. Johnson alimwambia rafiki yake, mwandishi James Boswell, mwaka 1776, wakiwa safarini katika nyumba moja ya wasafiri, kwamba binadamu hajawahi kubuni kitu kinacholeta furaha nyingi kama nyumba nzuri ya aina hiyo. Hoja yake ilikuwa kwamba nyumbani kwa mtu mgeni hujizuia na mwenyeji huhangaika, lakini hapa kadiri unavyoagiza zaidi ndivyo unavyokaribishwa zaidi. Nadhani hoja hiyo ina uzito kuliko inavyoonekana. Fedha ilikuwa imempa mtu wa tabaka la kati kitu ambacho awali kilitokana na ukoo au ukarimu wa mkubwa, yaani mahali pa kuketi na kusema anachotaka bila kumshukuru mtu.

Nyumba moja peke yake inatosha kuonyesha jinsi mambo yalivyochanganyika. Katika Star and Garter, mtaa wa Pall Mall, usiku wa tarehe 26 Januari 1765, mabwana wa kutoka Nottinghamshire walikuwa wamemaliza kula kwenye kikao chao cha kawaida. Bwana William Byron, ndugu wa babu yake mshairi aliyekuja kuwa mashuhuri, akabishana na jirani yake William Chaworth kuhusu njia bora ya kuhifadhi wanyama wa kuwinda katika mashamba yao. Wakaingia katika chumba kilichowashwa mshumaa mmoja tu, panga zikachomolewa, na Chaworth akachomwa tumboni. Alifariki siku iliyofuata. Baraza la Malodi lilimtia Byron hatiani kwa kuua bila kukusudia, akalipa ada ndogo na kwenda zake. Miaka tisa baadaye, mwaka 1774, kamati ya mabwana ilikutana katika nyumba hiyo hiyo ikarekebisha sheria za mchezo wa kriketi.

Upande wa pili wa Atlantiki desturi hiyo ilizaa siasa nzito zaidi. Wajumbe wa bunge la koloni la Virginia, walipovunjiwa bunge lao na gavana mwaka 1769 na tena 1774, walitoka wakavuka kwenda kuendeleza kikao katika nyumba ya Raleigh mjini Williamsburg. Na tarehe 4 Desemba 1783 George Washington aliwaaga maofisa wake katika nyumba ya Samuel Fraunces mjini New York. Hakuna aliyeona ajabu, kwa maana hapakuwa na mahali pengine panapofaa zaidi.

Uhusiano huo wa nyumba za pombe na siasa ndio uliompa Hogarth moja ya kazi zake zilizopangwa kwa ustadi mkubwa, picha ya pili katika mfululizo wa picha nne za uchaguzi alizozichora katikati ya miaka ya 1750, ambazo sasa zimo katika makumbusho ya Sir John Soane mjini London. Picha inaonyesha njia ya kijijini yenye nyumba tatu za vinywaji, na ili tuisome inatubidi tukumbuke kwamba wagombea wa enzi hizo walikodi nyumba nzima kwa ajili ya kuwalisha na kuwanywesha wapigakura, kila chama na nyumba yake. Katikati amesimama mkulima, na wenye nyumba wawili, mmoja kila upande, wanamtia fedha mikononi kwa wakati mmoja. Macho yake yamekwisha kuamua nani aliyetoa zaidi. Mbele ya nyumba nyingine kinyozi na mshona viatu wanabishana kuhusu vita vya Portobello vya mwaka 1739, ambamo Waingereza waliiteka bandari hiyo ya Wahispania, na vipande vya kiko vimepangwa mezani kuwa merikebu. Kule nyuma umati umeivamia nyumba ya Crown, inayotumika pia kama ofisi ya ushuru. Mtu mmoja amepanda juu ya mti unaoshikilia kibao chake, naye anaukata kwa msumeno. Ameketi upande wa nje. Kibao kikianguka, ataanguka nacho.

Mtazamaji asiyejua kwamba mwenye nyumba alikuwa wakala wa chama, kwamba ofisa wa ushuru alikuwa mpangaji wake, na kwamba bia ya bure ilikuwa rushwa iliyoandikwa kwenye bili ya mgombea, ataona wanakijiji wanaofanya vituko. Anayejua ataona ramani ya madaraka.

Sasa tushuke kwenye jini, ambayo imetia doa taswira ya nyumba zote nyingine. Mwaka 1690 Bunge liliondoa vizuizi vya ukenekaji wa pombe kali, kwa nia ya kuwanyima Wafaransa soko la brandi yao na kuwapa wenye mashamba wa Uingereza mahali pa kuuzia nafaka iliyozidi. Nafaka ilikuwa rahisi, kodi ilikuwa ndogo, na muuzaji wa jini, tofauti na muuzaji wa bia, aliweza kuanza biashara bila leseni ya mahakimu. Ikauzwa kwenye mikokoteni, kwenye pishi za chini ya nyumba, hata na wauza mishumaa. Mwaka 1734 mwanamke maskini aliyeitwa Judith Defour alinyongwa kwa hukumu ya mahakama baada ya kumuua binti yake wa miaka miwili na kuuza nguo za mtoto huyo, zilizokuwa mpya kutoka nyumba ya kulelea maskini, kwa shilingi moja na peni nne ili apate fedha ya jini. Kesi hiyo iliwatia watu kiwewe. Sheria ya mwaka 1736 ikaweka leseni ya paundi 50 kwa mwaka, kiasi ambacho mwenye kijiduka hakuweza hata kukiota. Karibu hakuna aliyeilipa, biashara ikajificha, wapelelezi wa kulipwa wakapigwa mitaani, na mwaka 1743 sheria hiyo ikafutwa. Suluhisho lililofanya kazi lilikuwa la mwaka 1751: wakenekaji walikatazwa kuuza rejareja, na leseni ikatolewa kwa wenye nyumba za kodi ya kuanzia paundi 10 kwa mwaka tu, yaani kwa watu waliokuwa na kitu cha kupoteza.

Katika kupigania sheria hiyo, Februari 1751 Hogarth alichapisha michoro miwili ya kutazamwa pamoja, Beer Street (Mtaa wa Bia) na Gin Lane (Kichochoro cha Jini). Huu wa pili unajulikana mno, na nadhani ndio unaosomwa vibaya kuliko picha zote za enzi hiyo. Mwanamke mlevi, miguu yake imejaa vidonda, ameketi kwenye ngazi akinusa ugoro huku mtoto wake akimponyoka na kudondoka kichwa chini. Fundi anaweka rehani msumeno wake kwa mkopeshaji. Nyuma mnara wa kanisa la Mtakatifu George, Bloomsbury, wenye sanamu ya mfalme kileleni, uko mbali na hauwafai kitu. Wengi huona hapa shutuma dhidi ya pombe na nyumba za pombe. Lakini tazama mwenzake katika jozi hiyo, Beer Street: mafundi wanene wenye afya wameshika vikombe vya bia vinavyofurika mbele ya kilabu, paa zinatengenezwa, na nyumba ya mkopeshaji rehani ndiyo inayoporomoka. Hogarth hakuwa akipinga kunywa. Alikuwa akitetea nyumba yenye leseni, yenye mwenye nyumba anayejulikana na hakimu, dhidi ya kichochoro kisicho na mwenyewe. Kila mchoro uliuzwa shilingi moja, bei iliyokuwa juu kwa waliolala kwenye vichochoro vya St Giles, mtaa wa maskini wa London; waliokusudiwa kuuona walikuwa watu wenye kura, na wengine waliuona ukiwa umetundikwa kwenye kuta za nyumba za mvinyo zenyewe.

Katika mchoro wa Beer Street yumo mtu mmoja tu aliyevaa matambara: mchoraji wa vibao, anayekitazama kwa kuridhika kibao alichokipaka rangi. Wataalamu hawakubaliani juu ya maana yake. Mimi humwona kama mzaha wa mtu anayejicheka mwenyewe, kwa kuwa Hogarth aliijua biashara hii kutoka ndani. Baba yake, mwalimu wa Kilatini, alifungua mkahawa wa kahawa katika lango la St John, ambamo wateja walialikwa kuzungumza Kilatini. Haishangazi kwamba mkahawa huo ulifilisika, na familia ikaishia katika eneo la gereza la wadaiwa la Fleet, William akiwa bado kijana mdogo.

Ulevi wa matajiri aliuchora kwa jicho lingine. Katika A Midnight Modern Conversation, mchoro wa mwaka 1733, mabwana 11 wamezunguka bakuli kubwa la panchi saa kumi za usiku. Mmoja ameanguka sakafuni, mwingine anawasha mkono wa shati badala ya kiko. Mchoro huo ulipendwa kiasi kwamba watu waliuiga kwenye mabakuli ya panchi yenyewe, na wanywaji wakajimiminia kinywaji kutoka kwenye picha ya fedheha yao. Bakuli hilo lastahili kutazamwa kwa karibu. Panchi ilifika Uingereza katika karne ya 17 pamoja na mabaharia waliofanya biashara ya India, na wengi hulihusisha jina lake na neno la Kihindi la “tano”, kwa ajili ya viungo vyake vitano. Kufikia wakati wa Hogarth ilitengenezwa kwa ramu, malimau, kungumanga na sukari nyingi. Na ramu na sukari zilitoka katika mashamba ya Karibi yaliyolimwa na Waafrika waliouzwa utumwani. Jambo hilo Hogarth hakulichora katika picha hii. Aliyelichora, pengine bila kulikusudia, ni John Greenwood wa Boston, aliyekuwa Surinam, koloni la Waholanzi huko Amerika Kusini, kati ya mwaka 1752 na 1758. Picha yake ya manahodha wa merikebu kutoka Rhode Island wakilewa katika nyumba ya pombe, ambayo sasa imo katika makumbusho ya Saint Louis, imefuata mpangilio wa Hogarth: meza, bakuli, waliolala, wanaotapika, wanaocheza dansi. Tofauti ni kwamba humo ndani wamo watumishi Weusi, watumwa, nao wako kazini.

Namna hii ya kuchora haikuzaliwa Uingereza. Waholanzi na Waflandi wa karne ya 17 walikwisha kuyafanya mambo ya vilabu kuwa somo la sanaa, na mmoja wao, Jan Steen, aliwahi kuendesha nyumba ya aina hiyo mwenyewe. Hispania nako, mwaka 1777, kijana Francisco Goya alichora ugomvi wa wasafirishaji wa mizigo kwa nyumbu (chotara wa punda na farasi) nje ya nyumba ya njiani iitwayo Venta Nueva, wakikabana koo kwa ajili ya mchezo wa karata. Kazi hiyo ilikuwa kielelezo cha zulia la ukutani lililokusudiwa chumba cha kulia chakula cha mrithi wa ufalme katika jumba la El Pardo. Kwa hiyo mwana wa mfalme alikula chakula chake akitazama makabwela wanavyopigana, na nyumbu hao hawakuweza kumpiga teke. Ndiyo maana tunapozikuta picha nyingi za fujo na chache za mtu anayesubiri gari kwa utulivu, tusiharakishe kufikiri kwamba fujo ndiyo iliyotawala. Picha ilichorwa kwa ajili ya mnunuzi, na mnunuzi hakulipia kuona mtu akisubiri.

Sanaa ambayo nyumba hizi zilijinunulia zenyewe ilikuwa kibao. Katika mji ambao nyumba hazikuwa na namba na wengi hawakujua kusoma, kibao chenye simba, taji au farasi mweupe ndicho kilichokuwa anwani. Wenye nyumba walishindana kwa ukubwa, vibao vikaning’inia juu ya barabara kwa vyuma vizito, na mwaka 1718 kimoja katika Bride Lane kilianguka pamoja na ukuta wa mbele wa nyumba na kuua watu wanne. Mwaka 1762 ndipo mamlaka za Westminster zilipoanza kuamuru vishushwe na kubandikwa ukutani. Mwaka huo huo, mwandishi wa vichekesho Bonnell Thornton, akisaidiwa na Hogarth, alikodi vyumba mtaa wa Bow na kufungua maonyesho ya wachoraji wa vibao, kwa orodha iliyochapishwa na majina ya kazi kama ilivyofanywa katika maonyesho ya wasanii wakubwa. London ilicheka, na wengine walikasirika kwa kudhani kwamba sanaa imetukanwa.

Kizazi kilichofuata, mpaka kati ya kibao na sanaa kuu ulikuwa mwembamba zaidi. George Morland, aliyezaliwa mwaka 1763, alichora milango ya vilabu vya bia na nyua za nyumba za wasafiri bila mahubiri ya Hogarth, na inasimuliwa kwamba bili zake za vinywaji alizilipa mara nyingi kwa brashi. Alipokuwa akiishi Paddington, ng’ambo ya barabara palikuwa na nyumba ya wasafiri ya White Lion. Zizi la nyumba hiyo ndilo alilolichora katika turubai kubwa iliyoonyeshwa katika Royal Academy, chuo cha kifalme cha sanaa, mwaka 1791, ambayo leo imo katika mkusanyo wa makumbusho ya Tate. Hakuna mlevi humo, hakuna bakuli wala mgombea. Nuru inaingia kutoka mlangoni, kumetandazwa majani makavu, na saisi anawaingiza ndani farasi waliochoka.